Bafta ya Mzee Pima

Chraaa.

Sauti ilimfikia Mzee Mbaruku kabla hajafumbua macho. Ilivuka mtaa, ikapenya wavu wa dirisha, ikaingia chumbani mwake kama ilivyokuwa ikiingia kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja. Kitambaa kinachanwa. Hakuinuka. Alisubiri ya pili, nayo ikaja, nzito, ikakwama kidogo katikati kisha ikaachia.

"Kaki," akaiambia dari. "Kuna mtu anashona sare za shule."

Hakuwa mtu wa kukosea katika jambo hilo. Kanga ikichanwa hulia kavu na haraka, kama mtu aliyechoshwa na maswali. Hariri hailii, inanong'ona tu. Na bafta, ile nyeupe ya sanda, ina sauti yake peke yake: ndefu, laini, haina pa kukwama, kama msafiri anayeshusha pumzi. Zote hizo Mzee Mbaruku alijifunza akiwa amekaa kwenye kiti cha mbao mlangoni mwa duka la Habib, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, kikombe cha kahawa mkononi na maneno mdomoni.

Kiti hicho hakuwa amekikalia tangu Idi.

Habib mwana wa Ubeid alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa kuzaliwa hapahapa. Babu yake ndiye aliyeingia mtaani na jora la kwanza begani. Yeye na Mbaruku walikuwa marafiki wa kutukanana. Kila asubuhi Mbaruku alivuka mtaa, akauliza, "We Mshihiri, bado upo?" na Habib akajibu bila kuinua macho, "Nakusubiri wewe utangulie, nikuuzie sanda." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, na aliyeiua alikuwa Mzee Pima.

Mzee Pima hakuwa mtu. Alikuwa muuza vitambaa wa Mpunguni, na Mpunguni nayo haikuwa mahali. Ilikuwa tamthilia ya vichekesho iliyorushwa kwenye runinga kila Alhamisi saa mbili usiku, *Mpunguni Kwetu*, habari za mji mdogo wa bara wenye stendi moja, mashine moja ya kusaga, mtendaji anayeitisha mikutano ya kujadili mikutano, na mama ntilie anayejua mimba kabla ya mwenye mimba. Watu wa Tunduru waliapa kwamba Mpunguni ni kwao. Watu wa Nzega wakabisha, wakasema wanaijua hata ile mashine. Ukweli ni kwamba Mpunguni yote ilienea kwenye ua wa Bi Khairunnisa, nyumba ya vyumba sita iliyobaki chini katikati ya maghorofa, na mashine ya kusaga ilikuwa pipa lililopakwa rangi. Kuku tu ndio waliokuwa wa kweli. Kila kipande kilirudiwa mara tatu nne, kwa sababu mji mdogo wa bara hauwezi kuwa na kipaza sauti nyuma ya ukuta kinachonadi mikanda ya suruali.

Mzee Mbaruku alipanga chumba cha mbele katika nyumba hiyohiyo. Miaka ishirini na sita alikata tiketi za pantoni pale Magogoni, akiichekesha foleni mpaka watu wakasahau kwamba chombo kimechelewa. Akastaafu, mkewe akafariki, chumba kikawa kikubwa. Ndipo alipokuja Nawal, binti mgeni wa mtaa aliyekuwa akiandika tamthilia na kuiongoza mwenyewe. Alikuja kukodi ua tu. Akamsikia mzee akimgombeza jogoo, akasimama, akasema, "Babu, hebu rudia hayo." Tangu siku ile akawa Mzee Pima, na chumba kikarudi kuwa cha kawaida.

Na huyo Mzee Pima alimtoa wapi? Alimtoa ng'ambo ya mtaa. Alichukua namna Habib anavyobana pini kwa midomo. Alichukua namna anavyosema, "Kitambaa hiki utakichoka wewe, chenyewe hakichoki." Zaidi ya yote alichukua kule kuvuta. Habib akipima kitambaa kwenye rula yake ya mbao alikivuta kidogo, kidogo sana, kipate kufika mita upesi, kama wavutavyo wauza vitambaa wote tangu rula ilipoumbwa. Mzee Pima alivuta mpaka akaweka mguu ukutani. Nchi nzima ikacheka.

Habib naye alicheka, mwanzoni. Kisha wateja wakaanza kumwita Mzee Pima. Kisha akaja mama mmoja wa Mbagala, mnene, mcheshi, akatoa futikamba yake kwenye pochi mbele ya duka zima. "Nipimie na hii," akasema. "Hii ya kwangu haivutiki." Siku hiyo Habib alikiingiza ndani kile kiti cha mbao, akakipakia majora juu yake. Mbaruku alipokuja na kahawa yake hakukuta pa kukaa. Hakuuliza, na Habib hakusema. Wanaume wawili wa miaka sabini wakaanza kupishana barabarani kama watu waliokutana kituo cha basi.

Na leo, Jumatano, Mzee Pima anakufa.

Nawal alibisha hodi saa moja na nusu, karatasi mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mama. Umekuja kuniua mapema."

"Babu, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Umeandika mwenyewe, ukurasa wa kwanza. Mzee Pima amelala, hajaamka."

Nawal alikaa kwenye ncha ya kitanda. Jambo hili walilizungumza wiki mbili nyuma na hakuna aliyelimaliza. Wenye kituo cha runinga walitaka sura changa. Na kweli, mzee alikuwa akisahau maneno. Mwezi uliopita kipande cha dakika mbili kilirudiwa mara kumi na moja, mpaka kuku wakaingia bandani wenyewe. Wenye kituo walitaka apotee tu, asitajwe tena, kama wanavyopotea wengine. Nawal ndiye aliyekataa. Alisema mtu aliyeujenga mji hawezi kuondoka bila kuzikwa.

"Nimekuandikia msiba mkubwa," alisema sasa. "Mji mzima unalia."

"Mji mzima ni watu wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Mpunguni imepungua."

"Bajeti, babu."

Mzee alicheka puani. "Na wiki ijayo nani anakaa dukani?"

"Mpwa wa Mzee Pima. Yule kijana anayeimba."

"Anajua kubana pini?"

"Atafundishwa."

"Mwambie aibane upande wa kushoto. Ukiibana kulia, ukicheka unaimeza."

Nawal akaandika hilo pembeni mwa karatasi, na ule utii wake wa kuandika ndio uliomchoma mzee kuliko kifo chenyewe. Hakuwa na kinyongo naye. Angekuwa mwongozaji mwingine, angeambiwa kwa simu. Lakini alikwisha kupiga hesabu ya maisha yake, nayo ilikuwa fupi: akitoka Mpunguni, atabaki na chumba hiki na dirisha linalotazama duka ambalo hakaribishwi. Kazi ilimchukulia rafiki, na sasa kazi yenyewe inaondoka.

"Zima simu, babu," Nawal alisema mlangoni. "Leo tunarekodi mfululizo."

Akaizima, akaiacha juu ya mto, akafunga chumba kwa kufuli.

Nje, Sadalla wa maturubai alikuwa ameshasimamisha nguzo. Ua ulikuwa umejaa Mpunguni, hapakuwa na nafasi ya kukalisha wafiwa, kwa hiyo wanaume wa msiba wangekaa barazani na kamera iwaone kupitia mlango. Kibali cha serikali ya mtaa kilikuwepo. Jambo moja tu Nawal hakulifikiria. Sadalla alikuwa na maturubai mawili, na Kariakoo nzima iliyajua. La harusi lilikuwa jeupe lenye pindo la dhahabu. La bluu lilikuwa la misiba. Nawal alichagua la bluu kwa sababu lilipendeza kwenye kamera, na Sadalla, mtu wa maneno machache, alilifunga akaenda zake Ilala.

Mjini hapa mtu akiona turubai la bluu haulizi nani amekufa. Kuuliza ni utovu wa adabu. Unavua viatu, unatoa pole, unakaa. Habari itakufikia ulipokaa.

Bi Khairunnisa peke yake ndiye aliyenuna tangu asubuhi. "Mtu halali kitanda cha maiti kabla ya siku yake," alisema akipita na ndoo. "Unaita."

"Namwita nani, Bi Khairu?"

"Mwenye zamu."

"Basi nitalala upande, asinione."

Walimlaza ukumbini kwenye kitanda cha kamba, wakamfunika shuka jeupe hadi utosini. Marcelino, mpiga picha, aliinama karibu na sikio lake. "Mzee, pumua kwa chini. Nikiona shuka linapanda narudia."

"Kijana, mimi nikifa nimekufa."

Hiyo ilikuwa fahari yake. Katika miaka minne ya Mpunguni hakuwahi kujitikisa kabla ya Nawal kusema "kata," hata siku jogoo alipompanda kichwani.

Kamera ikaanza. Chini ya shuka hapakuwa na cha kuona ila weupe, kwa hiyo akabaki na masikio. Waigizaji wanne wa kike walilia, naye aliwajua mmoja mmoja: huyu analia kwa pua, huyu anaanza juu mno atachoka. Akaridhika. Kisha akasikia wa tano. Wa tano alilia vibaya, kwa kukwama na kukohoa, bila mpango, kama mtu anayelia kweli. Sauti aliifahamu. Clotilda wa vitumbua, yule wa kona. Mzee akastaajabu. Nawal amempata wapi huyu? Ana kipaji.

Viti vya plastiki vikaburutwa nje. Vingi.

"Poleni."

"Tumeshapoa."

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa, karibu."

Wale kumi na wanne wa bajeti walikuwa wameshaisha kitambo, na pole zilikuwa zinaendelea. Mfuniko wa sufuria kubwa ulianguka uani, ukazunguka, ukatulia. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ikaingia chini ya shuka. Mzee akafikiri: kumbe binti ameongeza bajeti, hakutaka kuniambia. Na moyo wake ukalainika. Nawal, kwa upande wake, alikuwa amesimama nyuma ya kamera akimnong'oneza Marcelino, "Hawa wamekodiwa na nani?" Marcelino akatikisa kichwa, asizime.

Ndipo ilipokuja, kutoka ng'ambo ya mtaa.

Chraaaaa. Ndefu, laini, haina pa kukwama.

Bafta.

Mzee Mbaruku akaacha kupumua hata kwa chini. Chraaaaa, ya pili. Chraaaaa, ya tatu. Vipande vitatu, sanda ya mwanamume. Innalillahi. Kuna mtu amekufa mtaani, kweli, na sisi huku tunachezea kifo.

Akaanza kuwapitia wazee wa Narung'ombe kichwani. Mwinyimvua muuza kahawa amekuwa na kikohozi tangu mwezi uliopita. Atakuwa yeye, maskini. Mara akamsikia Mwinyimvua barazani akiomba asogezewe kiti. Akamfuta. Fundi wa saa wa kona, yule mwenye sukari? Fundi wa saa alikuwa akipiga chafya chini ya turubai, chafya zake tatu tatu. Akamfuta. Mzee wa duka la mabeseni alikuwa akitoa pole kwa sauti ya kiziwi. Akamfuta. Mmoja baada ya mwingine waliingia masikioni mwake wakiwa hai, kila mmoja na kikohozi chake, na kila alipomfuta mmoja alishukuru, na kila aliposhukuru orodha ikazidi kuwa fupi. Mwisho akabaki mtu mmoja tu wa rika lake ambaye sauti yake haikusikika.

Bafta ya Kariakoo hukatwa dukani kwa Habib. Lakini ni nani aliyeikata? Wafanyakazi wake wanaweza kukata. Wangekata wao kama mwenyewe...

Mzee akaanza kujihesabia. Miezi mitano. Miezi mitano nilimpita barabarani nikitazama waya za umeme. Nilikuwa na hatua ishirini za kuvuka na mdomo wa kusema, na mdomo huu nilioupata bure niliutumia kumchekesha kila mtu nchini isipokuwa yeye. Alitaka kuinuka. Hakujua kama ni heshima ya kazi iliyomzuia au ni woga. Alijua tu kwamba akiinuka ataambiwa, na akilala bado Habib yupo.

"Nipisheni."

Sauti hiyo ilitoka mlangoni, ya mikwaruzo, ya mtu aliyezoea kuongea na pini mdomoni. Mzee Mbaruku hakuwahi kusikia neno tamu kama hilo katika miaka yake sabini. Machozi yakamtoka yote kwa pamoja, yakashuka kuelekea masikioni. Yupo. Mshihiri bado yupo.

"Baba Amjad, huku wamekaa kina mama," mtu alisema.

"Najua. Sikai. Nina neno na maiti."

Kina mama wakasogea. Kandambili zikaja, zikasimama pembeni ya kitanda. Hata kipaza sauti cha mikanda kilinyamaza, labda naye mwenye mikanda alikuwa amekuja msibani.

"Mbaruku," Habib alisema. "Mimi huyu."

Akaisogeza bafta kifuani.

"Nimeleta sanda yako. Nimeikata mwenyewe, sikumwachia mtu. Na sikuvuta. Wallahi, mbele ya watu hawa, sikuvuta. Nimeilaza juu ya rula kama mtoto mchanga, na nimezidisha nusu mita, maana najua urefu wako."

Mtu alilia kwa nguvu karibu na mlango.

"Kila Alhamisi nilikuwa nakutazama. Nilikuwa nafunga mlango, watoto wasinione nikicheka. Ulinipatia, mshenzi wewe. Mama Amjad alisema unajua kuwa mimi kuliko ninavyojua mwenyewe. Nikaona haya, basi. Mtu mzima nikanuna kwa ajili ya futikamba ya mwanamke wa Mbagala. Nilikuwa nasema kesho nitakitoa kile kiti nje. Kila siku kesho." Akagusa ukingo wa kitanda. "Sasa asubuhi nani ataniuliza kama bado nipo? Nisamehe, ndugu yangu. Mimi nimekusamehe tangu zamani, nilichelewa tu kuvuka."

Nawal hakuwa amesema "kata." Mzee Mbaruku alilijua hilo, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne akalivunja.

"Nusu mita tu, Mshihiri?" shuka likasema.

Kilichotokea hapo kinasimuliwa mpaka leo, na kila msimulizi ana toleo lake. Kina mama walitoka kwa mlango, kwa dirisha, na wengine kwa mahali ambapo haijajulikana ni wapi. Clotilda aliruka ndani ya Mpunguni, akaiangusha mashine ya kusaga, kuku wakapanda juu ya stendi. Nguzo moja ya turubai ilikwenda na watu. Fundi wa saa, mgonjwa wa miguu, alionekana Msimbazi akiwa peku, na aliporudishwa alisema alikuwa anakwenda kuwaita jamaa. Marcelino hakukimbia, lakini alikiri baadaye kwamba ni kwa sababu mguu wake ulikuwa umenasa kwenye waya.

Habib peke yake ndiye aliyebaki amesimama palepale, bafta kifuani, akimtazama mtu aliyeketi kitandani na shuka mabegani na uso uliolowa. Kisha akainua ile bafta iliyokunjwa, akampiga nayo begani. Akampiga tena. Mara ya tatu mkono ulipanda, ukashindwa kushuka, ukamzunguka shingoni, na wazee wawili wakalia kama watoto waliopotezana sokoni wakaonana.

"Nilidhani ni wewe," Mbaruku alisema. "Nilisikia bafta nikadhani ni wewe."

"Mimi nife nani akukatie?"

Hasira zilikuja baada ya woga kuisha, kama zinavyokuja. Waliona turubai la msiba, simu ya mzee haipatikani, chumba chake kina kufuli, wakajijazia jina wenyewe. Mwinyimvua alikuwa amemwaga kahawa ya siku nzima ili awahi. Clotilda alikuwa ameacha vitumbua kwenye mafuta, na alitaka kujua ni nani wa kumpiga kwanza. Nawal alipanda juu ya kiti cha plastiki, akaomba radhi. Alisema kosa ni lake, hakujua habari ya rangi ya turubai, na kwamba hakuna sura ya mtu itakayoonekana popote bila mwenyewe kukubali. Watu wakanung'unika bado. Ndipo Bi Khairunnisa alipotokea uani na mwiko mkononi, jasho likimtiririka.

"Wali umeiva," alisema. "Mchele mmeleta wenyewe, mafuta mmeleta wenyewe, nikadhani ni vya tamthilia. Mlikuja kwa ajili ya Mbaruku, na Mbaruku huyo hapo. Mnataka nimwage?"

Hakuna aliyetaka amwage. Wakanawa, wakakaa chini ya turubai la bluu, mwalimu wa madrasa akasoma dua ya shukrani badala ya ile aliyokuwa ameiandaa, na sinia zikapita. Mzee Mbaruku alipita kila jamvi akishika mikono. Aliwaona wote: wachukuzi wa pantoni waliokuja kutoka Magogoni na sare zao, muuza mitumba wa Mchikichini aliyemuuzia koti la Mzee Pima, kina mama aliowabebea mizigo siku za mvua akasahau. Kila mkono alioushika aliuambia "ahsante," na neno hilo, ambalo kwenye tamthilia lilikuwa halimtoki mpaka akumbushwe, leo halikumkwama hata mara moja.

Nawal alimvuta pembeni, karibu na mashine iliyoanguka.

"Babu, Mzee Pima hafi."

"Umebadilisha?"

"Siwezi kuandika kitu bora kuliko kile. Mji mzima unadhani amekufa, halafu anauliza nusu mita. Nimeshamuuliza kila mtu, hata Clotilda amekubali, ila anataka aonekane upande wa kulia."

"Na wenye kituo?"

"Nitawapelekea kama kilivyo. Wakisema bado wanataka sura changa, nitawaalika waje wawaambie hawa wenyewe." Akatazama chini. "Maneno utasoma kwenye karatasi nyuma ya kaunta. Ningekuwa na akili ningefanya hivyo mapema. Nilikuwa nakuona unasahau, nikaona ni mwisho, kumbe ilitosha gundi na karatasi."

"Mama," mzee alisema, "wewe ulikataa nipotee. Mengine yote ni karatasi tu. Lakini usiandike bado. Kuna mtu sijamwomba ruhusa."

Baada ya alasiri alivuka mtaa, hatua ishirini. Majora yalikuwa sakafuni, na kiti cha mbao kilikuwa mlangoni, kimefutwa vumbi. Akakaa. Kilikuwa bado kinayumba mguu uleule. Mwinyimvua, ambaye alikuwa amepika nyingine, aliwamiminia kahawa bila kuambiwa akaenda zake.

"Nawal anasema Mzee Pima anaendelea," Mbaruku alianza. "Nimemwambia mpaka nimuulize mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Wewe."

Habib alibana pini kwa midomo, upande wa kushoto, akafikiri. "Avute," akasema. "Lakini si mguu ukutani. Hakuna mtu duniani anayevuta hivyo."

"Mguu kwenye meza."

"Kwenye meza sawa."

"Na kila karatasi nitakayopewa nakusomea kwanza hapa."

"Utanisomea. Maana ile ya pazia la mtendaji uliharibu; mimi nisingemwambia hivyo." Akachukua bafta iliyokuwa juu ya rula, dirishani, akaikunja upya, pembe kwa pembe, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Hii hairudi kwenye jora. Imekatwa kwa jina lako, itamwenea nani mwingine? Itie sanduku la chini na karafuu, nondo wasiile."

Mbaruku akaiweka mapajani. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na ina joto, kwa sababu ilikuwa imekaa juani dirishani.

"Ila leo," Habib alisema bila kumtazama, "habari yako nimeambiwa na mtu wa vitumbua. Nimekata sanda yako sijakuaga, sijakuomba radhi. Sitaki tena kuambiwa na mtu wa vitumbua."

Mzee Mbaruku akaweka kikombe chini. Akasema kwa sauti ileile aliyokuwa akiisemea foleni ya Magogoni, hata wapita njia wakageuka.

"Nakuahidi, Habib. Kila asubuhi nitavuka nije nikuulize kama bado upo. Kwa mvua, kwa jua, tukiwa tumegombana au hatujagombana. Na siku usiponiona, usingoje kuambiwa na mtu. Vuka wewe."